Mfumo uko chini, au ripoti ndo imeshika sava?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku Mwanza tumeshazoea kuambiwa "mfumo unasumbua, subiri kidogo", ukienda saccos, ukienda duka la dawa, hata wauza dagaa wa jumla pale Mwaloni siku hizi wana kompyuta, na kila mtu analaumu mtandao. Mi nashughulika na sava (kompyuta kuu inayotunza data) za biashara ndogondogo, na mara nyingi mtandao hauna kosa, ni mtu wa hesabu kabonyeza ripoti ya mwezi saa 3 asubuhi, au bakapu (nakala ya akiba ya data) imepangwa muda uleule wateja wamejaa kaunta, na vyote viko kwenye sava moja.

Dawa ipo na ni bure. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa sava nyingi, kila kazi ina namba ya kipaumbele, kuanzia -20 mpaka 19, ya kawaida ni 0, na namba ikipanda kazi inakuwa mpole. Ukiipa kazi nzito 19 kwa amri ya nice, prosesa ikibanwa inapisha wengine, kama zamani kivukoni Kigongo gari la wagonjwa linatangulia malori yanasubiri. Upande wa diski ipo amri ya ionice, daraja la 3 linangoja diski ipumue kwanza, japo si kila sava imewekwa mpangilio wa diski unaoisikiliza, fundi aangalie.

Ila hapa ndo vijana wengi wanapigwa chenga. Anaweka nice mbele ya mysqldump, programu ya kutoa bakapu ya hifadhidata ya MySQL, halafu anaenda kulala, kumbe mysqldump inapokea tu na kuandika faili, anayechimba data ni mysqld, yaani MySQL yenyewe inayohudumia kila mtu, na huyo hajaguswa kabisa! Na ukimshusha mysqld mzima umewashusha na wateja. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ina nafuu maana kila koneksheni ina prosesi (kazi inayojitegemea) yake, unashusha ile moja tu, lakini kama imeshika kufuli la jedwali, yaani imelifunga jedwali la data wengine wasiliguse mpaka imalize, na we umeipunguzia kasi basi wote wanaolingoja hilo kufuli wanakwama nayo, hapo bora ungeiacha imalize haraka. Ripoti ya kusoma tu haina noma sana, inayobadilisha data ndo ya kuogopa.

Kwa hiyo wenye biashara, kabla hamjauziwa sava mpya muulizeni fundi ripoti na bakapu zinakimbia saa ngapi. Zikiweza kwenda saa 8 usiku ziende, ila kwa watu wa dagaa zisifike saa 11 alfajiri maana ndo mitumbwi inarudi na mzigo unaanza kuandikwa.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza