Riwaya za Dickens si wakili wa fimbo

Mhariri,

Kila mjadala wa malezi ya wavulana unapozuka hapa Lamu, hakosi wa kudai kwamba hata Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) walinyoosha watoto kwa ukali wa baba, na riwaya zao ndizo ushahidi. Sisi tunaozifundisha twapinga.

Katika Hard Times (1854) ya Charles Dickens, Bwana Gradgrind anamlea mwanawe Tom kwa takwimu tupu. Hadithi ni mwiko, na kuchungulia sarakasi ni aibu. Tom anaiba fedha za benki anakofanya kazi na kumtupia lawama mfanyakazi maskini wa kiwandani. Baba anamkuta amejificha kwenye sarakasi ile ile, masizi usoni, na kijana anamjibu kwa hesabu alizofunzwa naye: kati ya watu wanaoaminiwa kazini, idadi fulani lazima waibe. Hiyo ni kanuni, yeye afanyeje?

Baba wa Dombey and Son (1846–1848), riwaya nyingine ya Dickens, hata hamchapi mwanawe Paul. Kosa lake ni haraka: anataka mrithi wa kampuni, hana subira na mtoto. Paul, miaka sita, anapelekwa shule ya Brighton kushindiliwa Kilatini, na sura ya 16 anafariki. Dadake Florence, anayempenda baba kwa dhati, hatazamwi.

Baba mwema yumo Great Expectations (1861), naye ni shemeji: Joe, mhunzi aliyemlea Pip, kijana anayesimulia hadithi. Sura ya 7 yaeleza kwa nini hajui kusoma. Babake alikuwa mlevi, akimpiga yeye na mamake. Wakikimbia, mtoto akianza shule, anawafuata na kuwarudisha. Joe huyo aliyepigwa hakumpiga Pip. Wenye hoja ya fimbo hawafiki hapo! Sura ya 27 anamtembelea Pip London. Kofia anaiweka ukingoni mwa rafu ya meko, inaanguka, anaidaka, inaanguka tena, na Pip anamwonea haya. Wanafunzi hucheka wakapita. Mwalimu awarudishe palepale Pip anapokiri kwamba kosa lilikuwa lake: angekuwa mwepesi kwa Joe, Joe naye angetulia.

Anayetaka kuanza asianze na Dombey, ina sura 62. Aanze na hizo mbili za Joe, na kando aweke utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858, miaka ile ile, hapa kwetu.

Walimu wa fasihi,
Langoni, Lamu