Bukoba haikukombolewa, iliporwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Makosa nimeyaona, nikanyamaza, maana hakuna kazi isiyo na makosa. Lakini ile makala yenu ya Jumapili kuhusu Wafusilia, rejimenti ya askari wa miguu ya Uingereza, mnaodai waliikomboa Bukoba, yenye picha ya askari waliochomeka manyoya mekundu na meupe kofiani, imenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Mwandishi wenu anasema kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1968. Aya mbili mbele, kikosi hicho hicho kiko Bukoba mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, na manyoya yake kichwani! Kilichozaliwa tarehe 23 Aprili 1968, siku ya Mtakatifu George, ni muungano wa rejimenti nne: Northumberland, Warwickshire, Lancashire, na ile ya Jiji la London. Manyoya mekundu juu, meupe chini, ni urithi wa Northumberland. Wenyewe husimulia kwamba mwaka 1778, kisiwani St Lucia, wahenga wao waliwanyang'anya Wafaransa manyoya meupe wakayavaa. Mwaka 1829, jeshi lote lilipopewa manyoya meupe, wao wakaongezewa ncha nyekundu ili wasifanane na wengine. Waliokuja Bukoba walikuwa Wafusilia wa London, batalioni ya 25, na rangi ya manyoya ya rejimenti yao ilikuwa nyeupe tupu.

Tena "fusilia" si "mrusha mabomu" kama mlivyotafsiri. Neno limetokana na "fusil", bunduki ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe. Mwaka 1685, pale Mnara wa London, Mfalme James wa Pili aliunda rejimenti ya kulinda mizinga. Bunduki za wakati ule nyingi zilikuwa za utambi unaowaka, na hakuna mwenye akili atakayesimama na utambi unaowaka kando ya mapipa ya baruti. Ndiyo maana wakapewa za gumegume, na ndiyo maana wakaitwa hivyo. Mtu akishalijua hilo, rejimenti yote inamfungukia: heshima yao ya kupita katikati ya Jiji la London ngoma zikilia, bendera zikipepea na singe zikiwa mtutuni, na mawaridi wanayovaa kila tarehe 23 Aprili. Mimi siwabezi kwa hayo. Watu wanaotunza habari ya unyoya kwa zaidi ya miaka mia mbili wanastahili kuandikwa kwa uangalifu.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye mahafali ya shule moja ya sekondari hapa mjini, kwa kuwa nilifundisha historia miaka mingi. Makala yenu ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Msichana wa kidato cha nne, sauti nzuri kabisa, alisimama akasoma mbele ya wazazi kwamba Wafusilia "walikuja kuikomboa Bukoba kutoka kwa Wajerumani". Wazazi wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimefika kwenye neno "uporaji" mshereheshaji aliponinyang'anya, akasema, "Mzee wetu, shikamoo, muda hauturuhusu," nikaletewa soda. Nilikaa nimeishika ile chupa mpaka ikapata joto mkononi. Mhariri, bibi yangu alikuwa msichana wa umri ule ule mwaka 1915! Wale askari walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakateremka alfajiri ya tarehe 22 Juni kaskazini ya mji, wakapigana siku mbili kwenye mawe na migomba, na tarehe 23 wakauteka mji wakauangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Hapo kazi iliyowaleta ilikuwa imekwisha. Kisha kamanda wao, Luteni Kanali Driscoll, akamwomba Jenerali Stewart ruhusa askari wake waupore mji, na ruhusa ikatolewa. Bibi alikuwa akisimulia majora ya kitambaa yaliyokokotwa kutoka madukani, yamelala kwenye tope yakikanyagwa na viatu. Yeye aliyezoea kuona kitambaa kikipimwa kwa mkono, na kila mkono ukigombewa bei. Hakuna aliyethubutu kuinama kuokota. Baada ya hapo wakapanda meli, wakaenda zao, na Wajerumani wakarudi. Waingereza walikuja kukaa mwaka uliofuata. Basi huo ukombozi mnaouandika ulikuwa wa siku ngapi, na aliyekombolewa alikuwa nani?

Na mkishaanza kuandika, andikeni yote. Batalioni ile ile ndiyo alimokuwamo Kapteni Selous, aliyeuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akiwa na miaka 65. Kila mnapoandika habari za Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mnamtaja "mwindaji maarufu" mkaishia hapo, kana kwamba alifia safarini akiwinda tembo. Beho Beho, Kilimanjaro na Nyangao ni majina ya heshima ya vita katika rejimenti yao. Ni ardhi yetu, na gazeti letu halijui! Hata wale waliowabebea chakula na risasi, waliokufa kwa makumi ya elfu kwa njaa, kuhara na malaria, hamkuwapa mstari mmoja. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam inawaita mikono na miguu ya jeshi. Kariakoo ni jina lao, "Carrier Corps" yaani jeshi la wapagazi, limetokana na kambi yao, lakini waandishi wenu huenda pale kuuliza bei ya nyanya tu. Na acheni kuita kila kitu "kikosi". Rejimenti, batalioni, kombania, platuni: haya ni maneno yanayotumika, muulizeni mwanajeshi mstaafu yeyote.

Ninachotaka ni hiki. Chapeni masahihisho ukurasa ule ule wa makala, kwa herufi za ukubwa ule ule, si kile kisanduku cha chini ambacho hata kwa miwani hakisomeki. Kichwa cha habari kiwe na neno "iliporwa". Mchape upande mmoja tu wa karatasi, kwa sababu kitabandikwa ukutani. Nakala kumi na mbili nitazilipia mwenyewe kutoka kwenye pensheni yangu. Zipakieni kwenye basi la Bukoba, nami nitakuwa stendi kuzipokea. Gundi ninayo.

Mwalimu mstaafu,
Bukoba.