Baba Mdogo, Mimi Siyo Glazer

Baba mdogo, shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo Mpunguzi, na walioko mjini pia.

Mimi ni mzima, kazi inakwenda, baridi tumeshazoeana. Hayo yatosha. Kuna neno limenikaa kooni tangu Jumapili. Nimesikiliza ile sauti ya kikao cha timu yetu ya mpira aliyoirusha Ndahani kwenye kundi la ukoo. Nadhani alitaka nisikie habari ya mchango tu, ila hakukata mwisho, kwa hiyo nimekusikia na wewe. Umesema mbele ya watu, mchungaji akiwepo, kwamba kijana wenu wa Manchester amegeuka Glazer, kama wale matajiri wenye Manchester United: hela anazo, timu inakufa, yeye kazi yake kuhesabu. Watu wakaangua kicheko. Mama naye nimemsikia.

Ungeniita bahili ningenyamaza, maana bahili nimeitwa tangu nikiuza vocha pale Sabasaba. Lakini Glazer, baba mdogo? Mimi ninayeishi mji ambao jina hilo ukilitaja kwenye chumba cha chai kazini, watu wazima wenye wajukuu wanaanza kutukana?

Na kabla sijafika huko: nani aliniandika kwenye barua ya kamati kuwa "mlezi na mmiliki"? Nimeiona, ina muhuri wa mtaa kabisa. Sijaulizwa. Golikipa mwenyewe simjui. Mmenipa timu kama mtu anavyopewa msiba, kisha mnalalamika kwamba silii.

Haya, tuongee Glazer. Wewe Man U umeipenda tangu enzi za Cantona, lakini ulikuwa unaangalia mpira, daftari hukuliangalia. Mwaka 2005 Malcolm Glazer aliinunua ile timu kwa pauni milioni 790 hivi. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa ya kukopa, na mkopo wenyewe ukabebeshwa timu. Timu isiyodaiwa na mtu ikajikuta inadaiwa mamia ya milioni kwa kosa la kununuliwa. Tangu hapo riba na gharama za deni zimekula zaidi ya pauni bilioni moja, na kwa miaka kadhaa wenye timu walikuwa wanajigawia gawio juu yake. Kocha Ferguson ndiye aliyefunika chungu. Alipostaafu 2013 na ubingwa wa 20, kifuniko kikaondoka naye, na mpaka leo wa 21 haujaonekana.

Sasa sikia hii. Msimu wa 2024/25 walimaliza ligi nafasi ya 15. Wakafungwa na Tottenham fainali ya Europa kule Bilbao. Hesabu za mwaka huo huo zilipotoka, mapato yakawa ya rekodi: pauni milioni 666.5. Soma tena, baba mdogo, vaa miwani. Nafasi ya 15, na hela nyingi kuliko mwaka wowote tangu timu izaliwe. Utaniambia mwaka huo walipata hasara, na ni kweli, walipata. Lakini tajiri wa namna ile haangalii faida ya mwaka. Anaangalia bei ya timu yenyewe. Mapema 2024 tajiri Jim Ratcliffe alinunua robo ya timu na chenji kidogo, na kipande hicho peke yake kikamtoka zaidi ya pauni bilioni moja, kuliko timu nzima ilivyouzwa 2005. Mtu wa hivyo anafungwa Jumamosi, anapata hasara mwisho wa mwaka, na bado ni tajiri kuliko jana.

Huyo Ratcliffe ni mtoto wa huku huku na alikuja kama shabiki wa damu. Tukasema sasa. Akaanza kupunguza wafanyakazi kwa mamia. Ferguson naye akasitishiwa malipo ya kuwa balozi wa timu. Chakula cha mchana cha bure cha wafanyakazi pale Old Trafford kikafutwa, wakaambiwa matunda yapo. Mjomba Job angekuwa mfanyakazi pale ungesikia vita, na tumbo lile.

Uwanjani nimeingia, hilo mnalijua, picha mama ameitundika sebuleni juu ya ile ya marehemu baba (naomba ishushwe kidogo, siyo adabu). Nilikaa jukwaa la Stretford End. Tiketi nilipewa na mwenzangu wa zamu, na sasa hivi zamu ya usiku naisimamia mimi, msisahau kumwambia mwalimu wa hesabu aliyesema sitafika popote. Ila msimu ule ule wa balaa timu ilipandisha tiketi zilizobaki zikawa pauni 66, mtoto na mzee bei moja. Piga hesabu ya shilingi mwenyewe. Mimi niliacha kupiga.

Jambo linalonichanganya ni hili, na nakuuliza kweli maana wewe ndiye mzee wa kijiwe. Familia hiyo hiyo ya Glazer ina timu ya mpira wa Kimarekani, Tampa Bay Buccaneers, tangu 1995. Kule wamechukua ubingwa mara mbili, 2003 na 2021. Hao hao! Sasa tuseme wanapenda ushindi wakiwa Florida, wakivuka bahari wanapenda hela? Nimeshinda nalo wiki nzima nikiendesha mashine ghalani, na ninachoona ni kwamba Marekani sheria inawabana wote sawa. Hela za televisheni za taifa zinagawanywa sawasawa, mishahara ina ukomo, anayeshika mkia ndiye anayepewa nafasi ya kwanza kuchagua chipukizi, na hakuna kushuka daraja. Tajiri hata akilala, mfumo unamsukuma juu siku moja. Huku Uingereza hakuna wa kumsukuma. Kwa hiyo mimi moyo wa tajiri nimeacha kuupima, haupimiki. Naangalia kitu kimoja: timu ikifungwa, ni nani anayeumia mfukoni?

Chukua nyumbani. Najua utaleta Yanga hapo, na ubingwa wenu wa mfululizo, na zile tano mlizotufunga Simba Novemba 2023 ambazo mpaka leo unanitumia kila tarehe 5. Sawa. Lakini GSM, mfadhili wenu, anauza bidhaa, na jezi ni bango linalotembea. Mwamedi wetu wa Simba, Mo Dewji, vilevile. Timu ikifungwa, bango linazomewa. Ndiyo maana Mo alipofungwa na Mtibwa fainali ya Mapinduzi Januari 2020 alitangaza kujiuzulu uenyekiti wa bodi kwa hasira, kisha akarudi. Unadhani Glazer angejiuzulu kwa kombe la Mapinduzi? Angeuliza kiingilio kilikuwa shilingi ngapi. Matajiri wetu wana mambo yao, na ile habari ya Mo kununua asilimia 49 za Simba kwa bilioni 20 haijaisha vijiweni tangu 2017, lakini wakifungwa wanavimba macho kama sisi. Kwa hilo nawapenda, hata wa kwenu.

Ila wapo pia matajiri wa kuhamisha timu. Stan Kroenke, mwenye Arsenal, aliichukua Rams, timu yake ya mpira wa Kimarekani, kutoka St. Louis mwaka 2016 akaipeleka Los Angeles. Mji ukamshitaki, ukaja kulipwa dola milioni 790 mwaka 2021. Miezi michache baadaye akachukua ubingwa, kwenye uwanja wake mwenyewe. Faida amepata, kombe amepata, watu wa St. Louis wamebaki na hela za kesi. Unaona ni mambo ya Wazungu? Waulize watu wa Mbarali kuhusu timu yao ya Ihefu. Leo inaitwa Singida Black Stars, na ndugu zetu wa Singida wanashangilia. Simlaumu Mnyaturu, timu ikija mlangoni utaifukuza? Lakini kule Ubaruku kuna mzee kama wewe alikuwa anakaa mahali pake pale pale kila mechi.

Ndiyo maana napenda Dodoma Jiji hata wakicheza ovyo. Mwenye timu ni Halmashauri. Walima Zabibu hao hawawezi kuamka wakakuta wamehamia Babati.

Sasa ninakuja kwa Glazer wa kwetu. Ndahani anisamehe, ila amejirekodi mwenyewe. Dakika za mwanzo za kikao anasema shamba la zabibu liwekwe dhamana, uchukuliwe mkopo, zinunuliwe jezi, basi na wachezaji wawili wa kutoka Kondoa, halafu deni lilipwe na kiingilio na kumuuza yule mtoto wa winga ya kushoto. Baba mdogo, hukusikia? Hiyo ndiyo karatasi ya Glazer neno kwa neno! Anachukua timu kwa hela ya kukopa na deni anamtwisha asiyekopa. Tofauti ni kwamba huku lilitwishwa Manchester United na huko litatwishwa mama. Kiingilio gani Mpunguzi? Uwanja hauna ukuta, mbuzi wanapita katikati. Na mizabibu ile baba aliipanda kwa mkono wake, bei ya mchuzi wa zabibu ilipoanguka wenzake wakang'oa, yeye akagoma. Mwaka ule aliuza baiskeli, shamba akalibakiza.

Shamba halitoki. Hilo nalisema kwa heshima zote, na kama mtoto wa kwanza wa marehemu nalisema mara moja.

Timu siikatai. Jana nimeota nimekaa kwenye ile mizizi ya mbuyu nyuma ya goli, upepo wa Julai unanijaza vumbi machoni, mtu anauza zabibu kwenye ndoo. Nimeamka saa tisa usiku nataka mlenda. Nikakosa usingizi, nikaanza kutafuta kwenye simu jezi za bei ya jumla, kwa hiyo msiseme sina moyo.

Hapa jirani, mtaa wa Moston, kuna timu inaitwa FC United of Manchester. Mwaka ule ule wa 2005 mashabiki waliokataa Glazer walijitoa wakaanzisha ya kwao. Wako madaraja ya chini huko, Old Trafford wanaisikia redioni. Lakini wenye timu ni wanachama, kila mtu kura moja, hata ukiwa na hela za kununua jukwaa zima. Uwanja wao, Broadhurst Park, ulifunguliwa 2015. Nimekwenda. Anayekuuzia chai mlangoni ni mwenye timu, na anayemzomea kocha nyuma yako ni mwenye timu. Wanazomea kwa uchungu kweli kweli.

Basi nataka hivi. Jina langu lifutwe kwenye ile barua, palipoandikwa mmiliki paandikwe wanachama. Kila anayetaka sauti atoe buku kwa mwezi, wewe buku, Ndahani buku, mchungaji buku, mimi buku. Hata nikitoa laki, kura ni moja. Daftari akae nalo Mama Tabu, kwa sababu hata kwenye kikoba hajawahi kupoteza senti ya mtu, na kwa sababu Ndahani anamwogopa. Seti moja ya jezi na mipira mitatu nitaleta mimi, kama zawadi, bila masharti na bila jina langu mgongoni. Lile basi la Ndahani msinunue. Mechi za wilaya zinafikika kwa bodaboda. Wale wa Kondoa waje wenyewe kama wanapenda mpira, ugali upo.

Hela ya dawa za mama nimetuma jana kwa Mama Tabu, hiyo haihusiani na timu na isiguswe na kamati yoyote, hata ya ufundi.

Rangi ya jezi imeshaamuliwa. Ni nyekundu na nyeupe. Mlete wajumbe, mlete muhuri wa mtaa, kijani na njano sinunui.

Msalimie shangazi, mwambie kilemba chake nimekipata.

Mwanao wa Manchester