Risala ya Vijana Mafundi wa Sur kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazazi wetu, walimu wetu, ndugu wote mliohudhuria, Assalaam aleikum.

Kwa niaba ya vijana wa mji wa Sur, Oman, tunaozungumza Kiswahili, tunakushukuru kwa kuja kuwaaga wenzetu wanaomaliza mafunzo ya ufundi. Furaha yetu ni kubwa zaidi kwa kuwa wewe mwenyewe ni mhandisi wa gesi.

Mheshimiwa, Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967, lakini sisi wa Sur ushirikiano wa kiufundi na mataifa mengine tuliushuhudia ilipojengwa mitambo ya kusindika gesi ya Qalhat, jirani na mji wetu. Kampuni ya Oman LNG, yaani ya gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, iliundwa mwaka 1994, na Aprili 2000 shehena ya kwanza ikaondoka kwenda Korea Kusini. Wanunuzi hawakuishia kuwa wateja. Wakorea wana hisa katika kampuni hiyo, na Mitsubishi, Mitsui na Itochu za Japani nazo zina hisa. Pale Qalhat gesi hupoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ikageuka kimiminika na ujazo wake ukapungua takribani mara 600, ndipo ipakiwe melini. Ni kazi ya ustadi mkubwa, nasi tunajivunia kwamba inafanyika jirani na kwetu.

Kisha Marubeni ya Japani na washirika wake wakajenga hapa Sur kituo cha umeme cha megawati 2,000, kinachotumia gesi ya Oman. Kilikamilika mwaka 2014.

Hata hivyo, Mheshimiwa, lipo linalotuuma. Wenzetu waliokwenda mafunzo kazini katika baadhi ya viwanda walifundishwa kusoma geji na kujaza ripoti. Siku kompresa, yaani mashine ya kushindilia gesi, inapofunguliwa kwa matengenezo makubwa, mafundi wa kigeni ndio huingia, na wenzetu hubaki nje. Babu zetu waliunda majahazi yaliyofika Unguja na Mombasa, na waliyaunda na kuyakarabati wenyewe. Tunataka ujuzi wa namna hiyo.

Mwishoni mwa 2022 kampuni za Japani za JERA, Mitsui na Itochu zilikubaliana na Oman LNG kununua gesi kuanzia 2025. Tunaomba utusemee kwa wahusika: mikataba kama hii itaje wazi kwamba vijana wa hapa watashiriki matengenezo makubwa, tangu kufungua mashine hadi kuiwasha tena. Tunaomba pia pampu na kompresa zilizoondolewa kazini zipelekwe kwenye karakana za vyuo, tuzifungue kwa mikono yetu.

Ombi la mwisho linawahusu ndugu zetu wa Tanzania, inayokusudia kujenga mtambo wa kusindika gesi Lindi. Tusaidie kupata njia ya kuwapa vijana wa huko, kwa Kiswahili, yale tunayojifunza hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.