Risala ya Akina Mama Wafanyabiashara wa Mpakani kwa Mgeni Rasmi, Moshi: Tusomewe Hesabu Kabla ya Jiwe la Msingi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Watendaji wa kata na vijiji mliofika,
Viongozi wetu wa dini,
Mwenyekiti wa kikundi na wanakikundi wenzangu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa na sisi hapa Moshi katika mkutano wetu wa mwaka wa kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba tuliyoiweka kwa hisa mwaka mzima. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni akina mama tunaofanya biashara kati ya Moshi, Himo, Rombo na ng'ambo ya Kenya. Wengine wetu wanapitia Holili kwenda gulio la Taveta, wengine wanapandisha Tarakea na kuvukia upande wa Loitokitok. Tunapeleka ndizi, maparachichi, vitunguu, nyanya na maharage. Tunarudi na sabuni, vyombo vya plastiki na chochote kile ambacho siku hiyo ng'ambo ni cha bei nafuu. Kwa biashara hiyo watoto wamesoma, na nyumba kadhaa zimepata bati.

Kile kisanduku unachokiona mezani kina kufuli tatu. Funguo wanazo akina mama watatu ambao hawakai nyumba moja wala mtaa mmoja, na hakifunguki mpaka wote watatu wawepo. Leo asubuhi, kabla hujafika, tumekifungua, nami kama katibu nikasoma hesabu ya kila mwanachama kwa sauti: hisa zake, mkopo wake, faini zake. Kuna mama yetu mmoja hajui kusoma. Hisa zake anazitunza kichwani mwaka mzima. Nilipofika kwenye jina lake akanisimamisha: "Rudia hapo mwanangu. Mwezi wa tatu nilinunua tano, siyo nne." Tukafungua kitabu chake, tukahesabu mihuri mmoja mmoja. Ilikuwa tano. Nikasahihisha mbele ya wote, tukaendelea.

Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu ombi letu kubwa la leo, kuhusu kituo cha mpakani tunachoahidiwa Tarakea, linatoka kwenye kisanduku kile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mpaka wetu na Kenya una urefu wa zaidi ya kilometa 750, na vituo vya pamoja vya forodha tunavyovifahamu ni vinne: Namanga, Holili, Sirari na Horohoro. Tarakea haimo, ingawa lami ya kutoka Marangu inafika. Kila msimu wa kampeni tunaambiwa kwamba na Tarakea itajengewa kituo kikubwa. Sisi tunaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, na asije mtu akaelewa vinginevyo. Mama zetu wanaukumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa. Mtu mwenye dada yake Taveta alimsikia kwa salamu za kupenyezewa tu. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya Mwalimu Nyerere, Rais Moi na Rais Obote kukutana pale Arusha. Waliopita njia za panya miaka ile sita wakiwa na watoto mgongoni, baadhi yao wamekaa hapa safu ya mbele. Watu hawa hawahitaji kufundishwa faida ya mpaka uliofunguka.

Holili tumeona faida kwa macho. Kituo kile kilijengwa kwa msaada wa shirika la TradeMark East Africa, na utaratibu wake ni mzuri: lori linalotoka kwetu halisimami tena upande wetu, linakwenda moja kwa moja Taveta na kukuta maafisa wa nchi zote mbili wamekaa chini ya paa moja. Linalokuja huku linakaguliwa huku. Mahali pa kusimama mara mbili sasa linasimama mara moja. Namanga nako, tangu Rais Magufuli na Rais Kenyatta wakifungue kile kituo tarehe 1 Desemba 2018, utaratibu ni huohuo.

Lakini mimi sina lori. Mwenzangu huyu hapa hana lori. Utaratibu unaomfaa dereva unatutaka sisi tutembee na mzigo kichwani kutoka jengo moja hadi la nchi ya pili, au tumlipe bodaboda. Majengo ni makubwa, yana vigae na vioo. Anayefika kwa miguu na mkungu wa ndizi anauliza dirisha lake liko wapi, na mara nyingi jibu halipatikani. Kivuli cha kutua mzigo hakuna. Choo kipo, maji siku nyingine hayapo. Mama anayenyonyesha anakaa kwenye ukingo wa barabara, matairi ya semitrela yanapita karibu na miguu yake. Ndiyo maana mpaka leo, jengo likiwa pale pale, wapo wanaoendelea kupita njia za panya, ambako wananyang'anywa, wanatishwa, na mambo mengine ambayo mbele ya watoto waliopo hapa sitayataja.

Naomba niseme lililonipata mimi mwenyewe, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Nilifika asubuhi na matenga sita ya nyanya. Utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unasema mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa ni wa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba bidhaa imetoka nchi za Jumuiya, palepale mpakani, na cheti hicho ni bure. Matenga yangu sita hayakukaribia hata dola mia mbili. Nikaambiwa nitafute wakala. Wakala akataka hela yake. Nikarudi dirishani, nikaambiwa mwenye muhuri ametoka. Ilipofika saa nane mchana nyanya za chini zilikuwa zimeanza kutoa maji, yanachuruzika kwenye sakafu, nzi wamejaa. Nilivuka saa kumi. Gulio lilikuwa linafungwa, nikauza matenga mawili kwa bei ya kutupa, mengine nikayaacha. Haki itendeke na kwa maafisa: wapo wengi wanaotusaidia, na mmoja kijana alinisaidia kubeba tenga siku ileile. Kilichokosekana siku ile ni karatasi moja tu ukutani, ya Kiswahili, inayosema cheti ni bure na bidhaa zake ni hizi.

Sasa nije kwenye fedha.

Kituo cha mpakani hujengwa kwa mkopo, au kwa msaada, au kwa kodi yetu, au vyote kwa pamoja. Mkopo unalipwa, na mlipaji ni mwananchi hata kama hakuuona mkataba. Msaada nao unaisha siku ya kukata utepe, na kuanzia hapo umeme, maji, dawa ya choo na mlinzi vinakuwa vya kwetu. Na Halmashauri haikwepi: stendi, gulio, jalala na barabara za kuingilia ni mzigo wake, nayo inaubeba kwa ushuru uleule inaotukusanyia sokoni.

Binti wa mwanakikundi mwenzetu, anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, alitusimulia habari za mpaka wa Marekani na Kanada, kati ya Detroit na Windsor. Pale pana daraja la zamani, Ambassador, lililofunguliwa mwaka 1929, mali ya watu binafsi, na anayevuka na gari analipa. Serikali zilipotaka daraja jipya, wabunge wa jimbo la Michigan hawakukubali kulitolea fedha. Mwaka 2012 Kanada ikakubali kubeba gharama, pamoja na za upande wa Marekani, na kujirudishia kidogo kidogo kwa ushuru wa wanaovuka. Familia yenye daraja la zamani ikamwaga mamilioni ya dola kutaka katiba ya jimbo ibadilishwe, daraja jipya lisijengwe bila kura ya wananchi. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakalikataa pendekezo hilo. Na watu wa Delray, mtaa wa Detroit linapotua daraja hilo, walidai mradi uwape ajira, mafunzo na matengenezo ya nyumba zao, mpaka mwaka 2019 ukatangazwa mpango wa faida kwa jamii wenye mambo hayo.

Tulisikiliza kimya. Kisha mama yetu yule wa hisa tano akauliza: "Na huo ushuru wa kuvuka, unakoma lini?" Binti hakuwa na jibu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali hilo tunalileta kwako kuhusu Tarakea. Wewe unakaa kwenye vikao ambavyo sisi hatuingii.

Jambo la ardhi linatuumiza zaidi. Rombo ardhi ni finyu, kila mtu hapa anajua. Kihamba siyo kiwanja. Ndani ya kihamba kuna migomba aliyoipanda babu, kuna kahawa, na kando ya nyumba kuna makaburi. Siku moja mtu anaamka anakuta alama nyekundu ya X kwenye ukuta wake. Sheria ya ardhi inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na mali iliyo juu yake, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida ya biashara iliyopotea, inayokokotolewa kwa miezi 36. Hapo kwenye faida ndipo tunapoachwa. Kanuni inataja hesabu zilizokaguliwa kama ushahidi, pale inapobidi. Mama mwenye genge la mboga mbele ya nyumba yake atazitoa wapi hesabu zilizokaguliwa? Mwenye duka kubwa atalipwa miezi yake 36, na mwenye genge ataambiwa asogee. Tunaomba vitabu vya vikoba, vyenye mihuri kama hivi vyetu, vikubaliwe kuwa ushahidi.

Ombi letu kuu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni hili: kabla jiwe la msingi halijawekwa Tarakea, tusomewe hesabu. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu. Uitishwe siku isiyo ya gulio, ili na sisi tuwepo. Asimame mtu mwenye mamlaka atusomee kwa Kiswahili, kwa sauti: mradi ni wa shilingi ngapi, kiasi gani ni mkopo na kiasi gani ni msaada, Halmashauri itachangia nini, vihamba vingapi vitatwaliwa na wenyewe watalipwa lini, na mwaka wa tatu baada ya ufunguzi fedha za maji ya choo zitatoka kasma ipi. Na mtu akinyoosha mkono na kusema "rudia hapo", arudiwe.

Tunaomba pia ramani ya jengo tuonyeshwe ingali karatasi, kwa maana ukuta ukishapanda hakuna anayekubali kuubomoa kwa ajili ya mkungu wa ndizi. Tunataka njia ya waenda kwa miguu, kivuli, dirisha la wafanyabiashara wadogo, na chumba cha mama na mtoto. Kwa Holili, ile karatasi ya ukutani isisubiri bajeti. Na kuhusu mikopo ya asilimia kumi, ile inayotengwa kwenye mapato ya Halmashauri kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tunashukuru kwamba ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka uliotangulia. Tunaomba tu majibu ya maombi yaje kwa maandishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuandalia zawadi ndogo: mkungu wa ndizi mshare wa mtori, na asali kidogo. Mkungu umekatwa jana jioni kwenye kihamba kilichoko karibu kabisa na mpaka. Kitabu chetu cha hesabu kiko wazi pale mezani. Tunakuomba baada ya risala hii upite ukikague, kisha utie sahihi yako chini ya zile za wenye funguo watatu.

Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.