Barua kwa mwanangu aliye Mokowe

Malindi, Mfungo Tano

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi hapa nyumbani tu wazima, isipokuwa mguu wa mamako, ambao humsumbua kila kusi inapovuma kwa nguvu. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu wewe huitika "naam, Baba" kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, kisha mtandao hupotea. Barua haikatiki.

Dereva wa lori ameniambia kwamba umekwisha kupokea arbuni za watu watano wa Lamu, fedha ya kutanguliza, kwa kuni za Maulidi. Alinieleza kama habari njema, nami nikacheka naye, lakini usiku ule sikulala. Watu watano, mwanangu, na kuni zenyewe ziko wapi? Mivinje uliyopatana nayo Msabaha bado imesimama shambani kwa mwenyewe, na ule mwembe wa Gede umeangushwa juma lililopita tu, tena baada ya masika. Gogo la mwembe likiwa bichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ulipasue, ulipange juu ya magogo ya kulazia ili upepo upite chini, bado litataka miezi sita ndipo liwake bila ya kulia machozi. Maulidi ni Mfungo Sita, mwezi ujao tu. Hesabu mwenyewe.

Tena usisahau Lamu si Malindi. Hapa mteja akikataa kuni, mkokoteni hugeuka ukarudi uani na hasara ni ya siku moja. Huko kila gogo hushikwa na mikono mingi: hupakiwa lorini hapa, hushushwa Mokowe, hupangwa ndani ya mashua ya kuvukia kisiwani, hutolewa gatini, kisha hutiwa katika shogi za punda hadi mlangoni kwa mteja, kwa kuwa vichochoro vya mji ule havipitishi gari. Kila mkono unadai chake. Ukichukua kuni mbichi, unalipia uchukuzi wa maji kwa zaidi ya kilomita 200 za barabara, na kivuko juu yake. Mnunuzi wa mchele huweza kutafuna punje dukani akajua anachonunua, lakini mnunuzi wa kuni hajui mpaka sufuria ya pilau iko juu ya mafiga na wageni wamekwisha kuketi. Wakati huo arbuni yake utakuwa umeifanyia nini?

Sisemi kwamba hujui kazi. Ukweli ni kwamba unanishinda kupanga: mzigo wako hauna yale mapengo ambayo wenzetu huyaacha kwa makusudi, wakikingamisha magogo yaliyopinda ili mita moja ionekane imejaa, na wateja wameniambia hivyo nikiwa nimekaa kimya tu. Unajua kugonganisha vipande viwili ukasikiliza mlio, unajua kuangalia nyufa za kichwani mwa gogo na ganda linaloachia lenyewe. Ndiyo sababu inaniuma zaidi. Mtu asiyejua angesamehewa.

Ule mkate ambao mwenye tanuri alikuja kuuweka juu ya meza yangu, mweupe nje na mbichi ndani, akatoka bila ya kusema neno, ulikuwepo ukauona, na najua ulinitazama. Mwaka ule palikuwa na harusi ya dadako, na harusi ina mambo yake, na fedha ya mtu ikishakaa mfukoni haijitambulishi kuwa ni ya mtu. Sitaki kuirudia habari ile. Ninalosema ni kwamba hakununua kwetu tena, na mpaka leo nipitapo mlangoni kwake hunisalimu vizuri mno.

Arbuni ya mnunuzi humrubuni muuzaji. Mtazame yule Mtaliano wa piza: hukataa kulipa hata shilingi kabla ya kuni kufika, hupima kipande kwa urefu wa mkono wake hadi kiwiko, hurudisha chenye ganda, na kila Jumamosi hulipa alichokipokea. Zamani nilimwona mgumu. Siku hizi namwona kama ndiye aliyenipumzisha.

Nina hofu nyingine, nayo imezaliwa na hiyo hiyo. Ukibanwa na siku, mtu atakunong'oneza kuhusu mikandaa na mikoko, kwamba iko karibu na moto wake ni mkali. Moto wake ni mkali, kweli. Lakini bila ya kibali cha watu wa misitu usiiguse, wala usisafirishe hata kuni za shambani bila ya karatasi zake. Mwaka 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu nao walisimamishwa. Mfikirie aliyekuwa ameshika fedha za watu siku ile.

Kwa hiyo, mwanangu, wale waliotaka mwembe warudishie arbuni zao kabla ya Ijumaa, uende mwenyewe, usimtume mtu, na uwaambie sababu bila ya kuipamba. Kwa waliobaki, lori la Alhamisi litakuletea mvinje mkavu. Ni ule uliokuwa chini ya bati, nyuma ya choo, uliowekewa Mtaliano. Mtaliano nitazungumza naye. Fedha ya mvinje huo tutaandikiana utakaporudi, wala usinitumie chochote sasa.

Mamako amekutilia mahamri na achari katika kikapu cha bluu, kikapu anakitaka. Makuti ya jikoni yameanza kuvuja upande wa kisima, na fundi anataka makuti mapya kabla ya vuli. Mnyororo wa msumeno wa mota nimeupeleka kunolewa. Mbuzi amezaa mmoja, dume.

Ufunguo wa lango la ua umeondoka nao. Mpe dereva, kwa maana tangu Jumatatu ninaingia kwa kupitia uani kwa jirani, na mbwa wake hajanizoea.

Mimi babako.