Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Semina, mafunzo ya kukuza fuwele za protini na zamu za kuzipiga picha kwa eksirei zilifanyika kama kawaida. Mlioshiriki mnazijua, sina haja ya kuzirudia.

Linalonung'unikiwa ni uamuzi wangu wa kuelekeza protini yote ya FraC, ile sumu ya anemoni wa baharini Actinia fragacea ambayo protini zake hukusanyika na kutoboa tundu kwenye utando wa seli, kwenye fuwele za tundu zima badala ya protini moja moja, yaani protini pweke. Nimeambiwa nimekula mbegu. Lakini protini pweke za ukoo huu zilishapigwa picha: sumu za anemoni wengine, ekwinatoksini II mwaka 2001 kwa angstromu 1.9 (kipimo cha undani wa picha; kadiri kinavyopungua ndivyo picha inavyokuwa wazi), na stikolisini II mwaka 2003 kwa 1.7. Tungeongeza nini? Mwaka 2011 FraC ilionekana kama taji la protini 9. Mwaka 2015, tundu lililoundwa kwenye utando wenye lipidi (mafuta ya utando) likaonekana lina protini 8, kwa angstromu 3.1, na lipidi zimejibana katikati ya protini kama sehemu ya ukuta wenyewe. Hapo ndipo penye kazi.

Ni kweli, fuwele zetu bado ni hafifu. Sababu haiko kwenye uamuzi, iko kwenye kukoleza, yaani kupunguza maji ili protini iwe nzito. Liposomu, yaani viputo vya lipidi, za sfingomielini na DOPC (1:1) zilichanganywa vizuri na protini, zikayeyushwa kwa sabuni ya LDAO, zikapitishwa kwenye safu ya jeli inayotenganisha molekuli kwa ukubwa. Kisha, katika kukoleza, baadhi yetu wakatumia chujio la kilodaltoni 30 (kipimo cha uzito wa molekuli). Sabuni nyingi ikabaki juu ya chujio pamoja na protini, matone yakajaa vijidonge vya mafuta vinavyong'aa, na picha zikatumwa kwa shangwe kana kwamba ni fuwele. Gusa kijidonge kwa sindano: fuwele huvunjika, mafuta hubonyea tu. Tundu la protini 8 lina takriban kilodaltoni 160, kwa hiyo chujio la 100 hulizuia na kuiachia sabuni ipite. Nililiandika hili kwenye waraka wangu wa kwanza kabisa.

DTT, kemikali ya kulinda sisteini (asidi amino yenye salfa) zisiharibiwe na oksijeni, nayo tuache kununua. Protini hizi hazina sisteini hata moja, inalinda nini?

Mikutano miwili ilikosa akidi. Zaidi ya nusu hawajalipa ada, na wengi wao ndio wanaouliza protini imekwenda wapi.

Mwakani, Mungu akijalia, tutapata fuwele kubwa zaidi na zamu ndefu. Stakabadhi za ada ziko kwa mhazini.

Mwenyekiti